Dume la RC

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti. Niliulizwa mkono.

Nilifika ofisi ya mifugo pale Mbinga mjini na bahasha ya kaki, ndani yake karatasi moja inayosema nilisoma mpaka kidato cha pili. Haisemi kwa nini niliishia hapo, na mimi sikuwa na haraka ya kueleza. Mkuu wa Kituo, mzee mwenye tumbo la heshima, hakuifungua hata hiyo bahasha. Aliniangalia toka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha, nikidhani napewa kalamu.

"Na mwingine."

Nikanyoosha.

"Unaandikia upi?"

"Wa kulia, mzee."

"Basi wa kulia utashika bomba, wa kushoto utaingia ndani. Mkono mrefu huu. Umeajiriwa."

Ndani ya nini, sikuuliza. Saa moja baadaye nilikuwa nimejua. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, la pekee nililokuwa nalo, kwa sababu mama aliniambia ofisini watu wanavaa meupe. Mkono wangu ukiwa ndani ya ng'ombe mpaka begani, ng'ombe akakohoa. Hakuna aliyenionya kwamba ng'ombe akikohoa wakati ule, kila kilichoko tumboni kinatafuta mlango, na mlangoni umesimama wewe. Mkuu wa Kituo alinipa gazeti la zamani nijifute, akaniambia sasa nimebatizwa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpandishaji. Nyie vijana mnaosoma haya mmezoea neno uhimilishaji, maana mmelikuta kwenye vitabu. Sisi tulisema kupandisha. Ni kumpa ng'ombe mimba bila dume kuwepo. Watu wa milimani waliwaita ndama wetu "ndama wa bomba", na mimi waliniita Dume la Serikali, jina ambalo mke wangu hajalizoea mpaka leo.

Kazi yenyewe iko hivi. Mbegu ya dume inakuja kwenye mrija mwembamba, kama ule wa wino ulioko ndani ya kalamu. Mirija inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali mpaka kikikugusa kinakuunguza kama moto. Mtungi ukipungukiwa, mbegu inakufa, na mbegu iliyokufa ukiitazama haina tofauti na iliyo hai. Unajua baada ya wiki tatu, pale mwenye ng'ombe anapokuja kukutukana. Ukifika kwa mfugaji, unautoa mrija, unautumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, mimi nilitumia kifuniko cha chupa ya chai, unaukata ncha, unaupachika kwenye bomba, ndipo mkono wa kushoto unaingia kutafuta njia. Na kuna saa yake. Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, yaani akianza kulia ovyo na kuwapanda wenzake, unampandisha jioni. Akionyesha jioni, unampandisha asubuhi. Sheria hii nimeifundisha milimani miaka yangu yote, na miaka yangu yote watu wameniita siku mbili baadaye halafu wakashangaa ng'ombe hakushika.

Nilizunguka na pikipiki, mtungi umefungwa nyuma kama bibi harusi. Mnaijua milima yetu. Mvua ikinyesha, njia ya Litembo inakuwa sabuni. Nimeanguka kwenye ngoro za watu, yale mashimo tunayolimia mahindi na maharage kwenye miteremko, mara nyingi mpaka wenye mashamba walikuwa wanauliza kwanza habari za mtungi, halafu ndio habari zangu.

Halafu likaja soko huria. Zamani serikali ilileta petroli, ilileta naitrojeni, ilileta hata sabuni ya kunawia. Ghafla tukaambiwa kila huduma ijitegemee. Walanguzi wa kahawa wakajaa Mbinga na mizani zao, maduka ya mitumba yakafunguliwa, na sisi ofisini tukaanza kupunguzwa. Mkuu wa Kituo alipunguzwa wa kwanza, neno lililonishangaza kwa sababu alipoondoka tumbo lilikuwa lile lile. Mimi nilinusurika kwa sababu ulikuja mradi wa wafadhili, mradi wa ng'ombe wa maziwa, ukahitaji mtu anayejua vichochoro vyote toka Mapera mpaka ufukweni mwa ziwa, kwa Wanyasa.

Mkubwa wetu mpya aliitwa Mratibu wa Mradi. Alikuwa mama mwembamba, mwenye shahada mbili na miwani miwili, mmoja wa kusomea, mwingine wa kukukatia tamaa. Maagizo yake yalikuwa mafupi. "Bwana Mbunda, ripoti kila robo mwaka. Jina la dume, namba ya dume, jina la mfugaji. Usiniandikie hadithi."

Utaratibu wa mradi ulikuwa hivi: familia inapewa mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa, inamfuga bandani kwa kumkatia majani, na ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa familia inayofuata kwenye kikundi. Masharti yalikuwa mengi, lakini kubwa ni moja. Ng'ombe wa mradi hapandwi na dume la kienyeji. Ukikutwa umefanya hivyo, unanyang'anywa ng'ombe, anapewa anayefuata.

Na utajuaje kama mtu amefanya hivyo? Hapo ndipo wazimu wa rangi ulipoanza. Watu wangu waliamua kwamba ng'ombe wa kisasa ni mweusi mwenye madoa meupe. Basi. Mwekundu ni wa kienyeji, hata akitoa maziwa ya kujaza ndoo. Jamani, nilichoka! Nafika kwa mtu, ng'ombe yuko kwenye joto, saa inakwenda, mbegu iko kwenye maji, na yeye kasimama mlangoni mwa banda ananiuliza, "Leo umetuletea rangi gani?" Kama vile nauza vitenge! Nawaambia mimi napandisha, sipaki rangi. Wanacheka, wanasema, "Sawa, ila tuwekee ya madoa."

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila kosa langu haya yote yasingeandikwa.

Kila mrija ulikuwa umeandikwa jina la dume. Kulikuwa na Winston, kulikuwa na wengine wa majina ya kizungu nisiyoweza kutamka bila kutema mate. Na kulikuwa na mmoja aliyeandikwa "Bruno RC", na wenzake wawili ambao nao walimalizia na RC. Kitabu cha kueleza kilikuwa kwa Kiingereza, na kilikuwa kwenye kabati la Mratibu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mratibu. Lakini nani anahitaji kitabu? Sisi Mbinga RC tunaijua toka tumboni. Shule ya RC, zahanati ya RC, makaburi ya RC. Fomu yoyote ukijaza, dini: RC. Nikajua hapo hapo kwamba hawa madume wametolewa na Wakatoliki wa huko ng'ambo kwa ajili ya Wakatoliki wenzao. Na jina lenyewe Bruno! Darasani kwetu tulikuwa na Bruno wanne, wote wahudumu wa altare.

Mimi ni mtu wa haki. Sikutaka kesi ya dini. Kwa hiyo milimani, kwa Wakatoliki, nikawa napandisha Bruno na wenzake. Nikishuka ufukweni kwa Waanglikana, nawapandishia Winston, maana jina lenyewe lilinitosha kuwa ushahidi. Waislamu wa Mbinga mjini niliwapa kilichopo, na hawakulalamika hata siku moja. Kwenye ripoti ya robo mwaka nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Madume ya RC, matatu. Madume ya madhehebu mengine, matano." Ripoti ilipelekwa, ikapigwa muhuri IMEPOKELEWA. Robo iliyofuata, vile vile. Muhuri.

Kitu kimoja tu kilinikera. Ndama wa ufukweni walizaliwa wote weusi wenye madoa. Milimani, kila baada ya muda, anatokea mwekundu. Siku moja nimerudi toka Liuli na kifurushi cha usipa wakavu, mfugaji mmoja ananisimamisha njiani, ananiambia, "Bwana Dume, hongera. Waanglikana umewapa wa kizungu, sisi ndugu zako unatubambikia wa kienyeji. Umelipwa kwa samaki?" Nikakasirika mpaka masikio. Mimi ninayewapa mbegu ya kanisa lao, ndio wananitukana!

Basi, Litembo ng'ambo ya bonde, kwenye kigango kimoja, yaani kanisa dogo chini ya parokia, alikuwepo Mama Kapinga. Mjane, kimya kimya, ana migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe wa mradi aliyempa jina Afadhali. Nilimuuliza kwa nini Afadhali. Akaniambia, "Kabla yake sikuwa na kitu. Sasa afadhali." Maziwa ya yule ng'ombe ndiyo yaliyokuwa yanasomesha watoto wake watatu. Banda lake lilikuwa safi kuliko jikoni kwangu, na usimwambie mke wangu.

Nilimpandisha Afadhali mwenyewe, jioni, baada ya joto la asubuhi, kama sheria inavyosema. Bruno RC. Nikaandika kwenye kadi. Afadhali akazaa jike. Mwekundu kama udongo wa barabarani, na kidoa kimoja cheupe kwenye paji.

Aliyekuwa anafuata kwenye orodha alikuwa Mzee Komba, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa amejenga banda tayari, amepanda majani ya kutosha ng'ombe watatu. Alikuja, akamtazama ndama, akatazama upande wa pili wa uzio. Upande wa pili alikuwa anakaa Mzee Hyera, mwenye dume la kienyeji. Dume jekundu. Na Mzee Hyera mwenyewe alikuwa mgane. Mmeshaona mambo yanaelekea wapi.

Kikao kikaitishwa kwenye uwanja wa kigango. Mzee Komba akasema masharti yanajulikana, ndama ni shahidi, Afadhali anyang'anywe. Aende kwa anayefuata. Anayefuata, kwa bahati tu, ni yeye.

Mama Kapinga akasimama. "Shikamooni wazee. Dume la Mzee Hyera halijakanyaga kwangu. Afadhali hajatoka bandani. Aliyempandisha yuko pale, muulizeni."

Watu wote wakanigeukia. Nawaambia ukweli, wajukuu zangu, nilikuwa naogopa. Kila mwezi jina la mtu lilikuwa linatoka kwenye orodha ya kazi, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa na mdomo unaofika kwa Mratibu. Na ukweli mwingine mbaya zaidi: hata mimi nilimshuku. Picha ya Bruno ilikuwa kwenye kalenda ya ofisi, mweusi tii mwenye madoa. Ndama mwekundu atatoka wapi?

"Bwana Mbunda," Mzee Komba akaniuliza, "una hakika ni mbegu yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Badala yake nikatania. Ndio ugonjwa wangu, nikibanwa natania. Nikasema, "Mrija niliuweka mimi mwenyewe, mzee. Ila baada ya hapo sikulala bandani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Na ndani ya nyumba alilala nani?" Kicheko kikaongezeka. Mzee Hyera akainuka akaondoka na fimbo yake. Mama Kapinga hakuondoka. Alikaa chini taratibu, akaiweka sawa kanga yake magotini, akawa ananitazama mimi. Sio aliyepaza sauti. Mimi.

Kuanzia siku ile wakamwita Mama Mwekundu. Watoto wake waliitwa hivyo hivyo shuleni.

Kumnyang'anya ng'ombe kulihitaji sahihi ya Mratibu, kwa hiyo Mratibu akaja na gari la mradi. Alimzunguka ndama mara mbili. Akaomba kadi ya Afadhali, akavaa miwani ya kusomea.

"Bruno RC," akasoma. Akaivua miwani. "Bwana Mbunda, ng'ombe huyu ana damu ya wale wekundu walioletwa na misheni zamani. Kwa nini ulimchagulia dume la RC?"

Nikashangaa swali lenyewe. "Kwa sababu mama huyu ni RC."

"Ni nini?"

"Ni RC, mama. Mkatoliki. Yuko hata kwenye Jumuiya."

Mratibu alikaa juu ya ndoo ya kukamulia. Haikuwa imefunikwa vizuri, lakini hakujali. "Hizi herufi," alisema polepole, "unajua maana yake?"

"Roman Katoliki."

"Na wasio Wakatoliki uliwapa nini?"

"Winston, mama. Kwa haki kabisa. Imo kwenye ripoti zote, tena umeshazipokea."

Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa anaukumbuka muhuri.

Halafu akaeleza, na hapa naomba vijana msikilize, maana ndiyo elimu pekee niliyoipata baada ya kidato cha pili. Huko madume yanakotoka, wanachukua damu au nywele za dume na kupima vinasaba, yaani yale maandishi ya urithi ambayo mzazi anamwachia mtoto. Kwenye maandishi hayo wanasoma rangi ambayo dume anayo ndani na haionekani nje. R ni ya wekundu kwa Kiingereza chao, C ni ya kubeba. Bruno ni mweusi machoni, lakini amebeba wekundu. Zile herufi zilikuwa onyo. Mimi nilizigeuza ubatizo.

Mzee Komba akasema haelewi. Mratibu akainama kwenye mti wa kahawa uliokuwa karibu, akachuma matunda, ya kijani na mekundu. Akampa Mzee Komba mawili, akampa Mama Kapinga mawili, kila mmoja la kijani na jekundu.

"Kila ng'ombe ana mawili mfukoni. Kijani ni weusi, jekundu ni wekundu. Akizaa, anamwachia ndama moja tu, bila kuchagua. Likiwepo la kijani hata moja, ndama anatoka mweusi. Lile jekundu linanyamaza, lakini limo. Sasa mzee fumba macho, toa moja. Na wewe mama, toa moja."

Wakatoa. La kijani na jekundu. "Mweusi," akasema Mratibu. "Tena." Wakarudia, wakarudia, watu wameshawazunguka, na mara moja yakatoka mekundu mawili kwenye kiganja.

"Huyo," akasema Mratibu, "ndiye huyu ndama. Hahitaji dume la jirani."

Mzee Komba akamrudishia matunda yake. "Mama Mratibu, nakuheshimu. Lakini kahawa haizai ng'ombe. Nani kasema Afadhali naye ana jekundu mfukoni?"

"Tutapima."

Kupima kulitaka nywele za mkia zilizong'olewa na mizizi yake, maana maandishi yamo kwenye mzizi. Nikang'oa za Afadhali, nikang'oa za ndama, nikaziweka kwenye bahasha zenye majina. Nimepata shida nyingi kwenye kazi hii, lakini jaribuni kumwambia mzee wa Kimatengo kwamba mnang'oa nywele, mnaziandika jina, mnazipeleka mbali! Nilipofika kwa Mzee Hyera kutaka za dume lake, alikaa mlangoni na fimbo.

"Nywele za dume langu ziende Ulaya? Na mimi nikifa?"

"Mzee, wanapima tu ubaba."

"Dume langu halijakana ubaba wake hata siku moja! Yule ndama si wake, najua. Wewe ndiye usiyejua ya kwako."

Mwishowe alinishikia mkia mwenyewe, akisema afadhali aone ninang'oa ngapi. Alihesabu kwa sauti.

Zikaenda na mtaalamu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Tukangoja. Afadhali akaachwa kwa Mama Kapinga mpaka jibu lije, lakini kungoja kwenyewe kulikuwa adhabu. Msimu wa kahawa ukaisha. Mvua zikaanza. Kila nilipopita, namkuta anakata majani mwenyewe, wanawake wa kikundi wameacha kumsaidia. Namsalimu. Anaitikia. Hanikaribishi chai, na alikuwa mtu wa chai. Nikileta utani, anaendelea kukata majani.

Jibu likaja kwa karatasi moja. Mratibu alinisomea ofisini, mlango umefungwa. Afadhali amebeba wekundu. Ndama ana mawili mekundu. Baba wa ndama ni Bruno. Dume la Mzee Hyera halimo kabisa.

"Ng'ombe anabaki kwa mama," akasema. "Nimeshamwandikia mwenyekiti. Na wewe, Bwana Mbunda, sijui nikufukuze au nijifukuze. Nimerudi nimesoma ripoti zako zote." Alikuwa anatetemeka mabega. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka. "Nenda ukawaeleze watu. Wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Mama Kapinga alikuwa na sharti lake. Nilipompelekea karatasi, alisema, "Mimi nilisemwa kigangoni. Nisafishwe kigangoni."

Jumapili ile, sala ilipokwisha, katekista akatangaza ndoa, akatangaza zamu ya kufagia, halafu akasema kuna tangazo la mifugo. Nikapanda mbele. Nikaeleza yote: Bruno, Winston, Wakatoliki wa milimani, Waanglikana wa ufukweni, ripoti, muhuri. Sijawahi kuona watu wakicheka vile ndani ya nyumba ya sala. Katekista alikuwa ameinamia meza. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe wangu hajakombolewa?" Hata Mzee Komba alikuwa anafuta machozi na kofia. Nikamaliza: ndama ni halali, nimekosea mimi, samahanini sana. Wakapiga makofi. Nikaanza kushuka, mwepesi kabisa, najua nimevuka.

"Bado ile nyingine."

Alikuwa Mama Kapinga, kwenye benchi la wanawake. Hakusimama, wala hakupaza sauti.

Watu waligeuka wakidhani ni sehemu ya utani. Mimi nilijua ni ipi. Nikarudi mbele. Niliitafuta namna ya kuisema kwa kuchekesha, nawaapia niliitafuta, na sikuipata.

Nikasema, "Siku ya kikao niliulizwa kama ni mbegu yangu. Nilijua mrija niliuweka mimi, na cha kumshuku mama huyu sikuwa nacho ila rangi. Nikasema sikulala bandani. Nilikuwa naogopa kazi yangu, nikamuuza mama huyu kwa kicheko. Hakufanya kosa lolote. Alisema kweli toka siku ya kwanza, na hakuna kati yetu aliyemwitikia."

Hakuna aliyecheka. Nje mtoto alikuwa anamfukuza kuku. Mzee Hyera alikuwa kwenye benchi la mwisho, amevaa koti. Akaigonga fimbo yake chini mara moja, kama mtu anayepiga muhuri.

Mama Kapinga akajifunga kanga. "Haya," akasema. "Afadhali yuko kwenye joto toka asubuhi. Jioni uje. Na uniletee dume asiye na dini."

Nilikwenda. Winston. Akazaliwa dume mweusi mwenye madoa, kama Mratibu alivyoeleza, maana Winston hakubeba wekundu, ana ya kijani matupu, na moja linatosha. Yule mwekundu alikwenda kwa Mzee Komba, ambaye alilalamika njia nzima kwamba amepewa ng'ombe wa rangi ya tofali, halafu alipoanza kumkamua akaacha kuzungumzia rangi, akaanza kuzungumzia ndoo. Wanawake wa kikundi walirudi kwa Mama Kapinga na majani. Aliyapokea. Kwenye kikundi hakurudi.

Mradi ulifungwa, miradi yote hufungwa, na mimi nikastaafu na mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine. Siku hizi wapandishaji ni vijana wenye diploma. Wanakuja kunisalimia na simu zao, wananionyesha orodha za madume, kila dume na vipimo vyake vya vinasaba, rangi, maziwa, kwato, mpaka tabia. Wanaweza kukuambia rangi ya ndama kabla mama yake hajapata mimba. Vizuri sana. Halafu wanakwenda kwa mfugaji, na mfugaji anasimama mlangoni mwa banda anauliza, "Leo mmetuletea rangi gani?" Nawahurumia. Nawaambia jambo moja tu: herufi usiyoijua, uliza, hata kama mwenye kujua ana miwani miwili. Mimi niliziandika zile mbili miaka na miaka, wakazipigia muhuri miaka na miaka, na kati yetu wote aliyelipa ni mama mmoja aliyekuwa amekaa kwake anakata majani.

Kilabuni wananiomba kila mara niwasimulie habari za dume la RC, na wanataka niishie pale Mratibu alipokaa kwenye ndoo, kwa sababu hapo ndipo pa kucheka. Zamani niliishia hapo. Siku hizi naendelea mpaka kwenye ile nyingine, hata wakianza kutazama chini kwenye vikombe vyao, na simalizi mpaka nimelitaja jina la Mama Kapinga lote, si lile walilomwita.